Mwaka Niliokuwa Marehemu

Habari ya kifo cha Ambokile ilinikuta nachambua maharage. Binti yake wa mwisho, ambaye sikuwahi kumwona, alipanda basi kutoka Mbeya mpaka hapa Iringa kuja kuniambia mwenyewe, akisema jambo kama hilo halifai kusemwa kwa simu. Nikamkaribisha ndani, nikampa chai na viazi vitamu, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Baba yake walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia. Msibani, akasema, wazee walikuwa wananong'onezana habari za mke wa kwanza wa marehemu, yule aliyekaribia kumsababishia kitanzi, na kila mzee alikuwa na yake. Mmoja alisema nilifufuka. Mwingine alisema nilirudishwa na mganga kutoka Ileje. Basi yule binti, macho yakiwa ndani ya kikombe, akaniuliza kwa adabu sana, "Mama mkubwa, ni kweli baba alikuua?" Tukatazamana, halafu wote wawili tukacheka, kwa sababu swali la namna hiyo halina jibu jingine. Nilimweleza mchana kutwa. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyomweleza, pamoja na machache ambayo mtoto hastahili kuyasikia juu ya baba yake siku chache baada ya kumzika.

Sitaanza na kwetu Tukuyu wala na namna nilivyoolewa, kwa maana niliolewa kama wasichana wote wa wakati wangu, na hakuna la ajabu la kusimulia. Naanza na nyumba. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi upande wa Ilomba, zamani kulipokuwa mashamba zaidi kuliko mji, miaka michache kabla ya uhuru. Tulikuwa na vyumba viwili na jiko la nyuma. Ambokile alikuwa msimamizi katika ghala la pareto, na yale maua makavu yalimfuata mpaka nyumbani. Yalikuwa kwenye mifuko ya suruali, kwenye mikunjo ya shuka, ndani ya viatu. Kwetu hakukuwa na kunguni wala mende, na majirani waliokuwa wakijikuna mpaka alfajiri walituonea wivu kwa jambo hilo moja. Ng'ambo ya ukuta aliishi Mama Eliza, mjane wa Kisafwa aliyekuwa akiuza viazi sokoni. Ukuta wenyewe haukufika juu, uliishia mahali ambapo dari ingeanza kama tungekuwa na dari, kwa hiyo yeye alisikia kila lililosemwa kwetu, na sisi tulijua kila alichokaanga. Asubuhi alikuwa akinisalimia kupitia pale juu kabla sijafungua mlango, nami nikimjibu nikiwa bado natafuta viberiti. Nilimpenda yule mama. Naomba msomaji alikumbuke hilo akifika mbele.

Watu wanapenda nimwite Ambokile shetani ili hadithi iwe rahisi. Hakuwa shetani. Alijua kuchekesha, na akitoka Kyela alileta samaki akawagawia na watoto wa jirani. Lakini alikuwa mwepesi wa mkono, na mwaka wa nne wa ndoa yetu ulipoingia bila mtoto, mkono wake ukawa mwepesi zaidi. Wenzake wa ghalani walikuwa wakimtania, naye utani wao aliubeba mpaka nyumbani kama alivyoyabeba yale maua ya pareto. Sikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko. Mtu pekee aliyeweza kumkemea alikuwa baba yake, na baba yake ndiye mtu pekee duniani ambaye sikuruhusiwa kumwona. Vijana wa siku hizi hawalijui jambo hili, kwa hiyo nieleze. Kwetu Wanyakyusa wa wakati ule, mke humwogopa baba mkwe, tunaiita ukutila. Hakai naye chumba kimoja, hamtazami usoni, hatamki jina lake wala neno linalofanana na jina lake. Ukisikia anakuja, unakimbia. Ukikutana naye njiani unaingia shambani na kuchuchumaa mpaka apite. Yeye alikuwa akija kwetu mara kwa mara kumwona mwanawe, nami nilikuwa nikitokea mlango wa nyuma anapoingia wa mbele, nikipitisha chakula kwa mikono ya mtoto wa jirani. Miaka minne nilimpikia mtu yule, na sura yangu hakuwahi kuiona. Mpaka leo ninapoandika, jina lake siliandiki. Si kwamba naogopa. Mkono wenyewe unakataa.

Jioni moja ya kipupwe, wakati ule ambapo ukungu wa Mbeya unashuka mpaka mlangoni, Ambokile alirudi akiwa kimya. Nilikuwa nimepika ndizi na maharage. Akala vijiko viwili, akasema hazina chumvi. Nikamwambia chumvi iko mezani. Sijui kwa nini nilijibu vile, labda nilichoka. Akanipiga usoni, na pua ikaanza kutoa damu ikalowesha kanga yangu kifuani. Halafu akasema kwa sauti ambayo ng'ambo ya ukuta ilisikika yote: "Nitakuua nikutupe mtoni, na hakuna atakayeuliza." Ng'ambo ya ukuta, Mama Eliza aliacha kukoroga chungu chake. Nilisikia mwiko ukisimama. Asubuhi yake Ambokile alikunywa uji, akaniangalia kidogo, akaenda kazini. Nami nikachukua beseni la nguo, na ile kanga ya damu ikiwa juu, nikaenda mtoni kama siku zote.

Nimeulizwa mara nyingi kama nilipanga. Polisi waliniuliza, mchungaji aliniuliza, na juzi yule binti naye akaniuliza. Sikupanga chochote. Nililoweka kanga, nikaona damu inatoka kwenye kitambaa na kwenda zake na maji, nikafikiri jinsi ilivyo rahisi kwake kuondoka. Basi nikasimama. Nilikuwa na fedha kidogo za mayai nilizofunga kwenye pindo la nguo. Beseni sikuweza kulibeba, nikaliacha pale kwenye jiwe, nguo nusu zikiwa majini. Nikapanda mpaka barabara kuu, nikatembea kuelekea Uyole, na lori lililopakia viazi likanichukua. Dereva alikuwa mzee mtaratibu anayekwenda mpaka Dodoma. Hakuuliza jina langu, nami sikumwambia. Tulisimama Chimala kula wali. Nakumbuka sahani ile kuliko ninavyokumbuka harusi yangu: wali mweupe wa Usangu, mchuzi wa samaki mwekundu, na pilipili pembeni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima kula chakula cha moto bila kumpakulia mtu mwingine kwanza. Nikala polepole makusudi. Dereva akapiga honi, nami nikamaliza punje ya mwisho ndipo nikainuka.

Iringa nilishukia sokoni nikiwa simjui mtu. Nikauliza kazi kwenye hoteli ya kwanza niliyoisikia ikinukia vizuri, ikawa ni ya Mama Sekalinga, mtaa wa Kitanzini. Wenyeji wanasema mtaa ule ulipata jina hilo kwa sababu Wajerumani walikuwa wakinyongea watu pale, lakini wakati wangu palikuwa mahali pa kula ugali na kunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Mama Sekalinga alikuwa Mhehe mnene mwenye macho madogo yanayoona kila kitu. Alinitazama pua iliyovimba, hakuuliza. Akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene. Unajua kusonga ugali wa watu wengi?" Nikamwambia najua. Akanipa mwiko. Aliponiuliza jina nikasema Maria, kwa kuwa ndilo lililokuja mdomoni. Nikalala chumba cha nyuma pamoja na mitungi ya ulanzi, ambayo ilikuwa ikichemka yenyewe polepole, na ule mlio wake ukawa ndio unaonilaza. Sitaki kudanganya kwamba nilihuzunika. Katika miezi ile nilinenepa. Nilijifunza Kihehe cha kutosha kutukana wanaokunywa bila kulipa, nikajifunza kupika mboga kwa karanga kama wanavyopenda wao, na wateja wakaanza kuuliza zamu ya Maria ni lini. Sasa ninapowaona wajukuu zangu wakihangaika kutafuta wao ni nani, natamani kuwaambia kwamba mimi nilijijua pale, kati ya moshi na masufuria, katika mwezi mmoja.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza siku madereva watatu wa kutoka Mbeya walipoingia kujikinga. Wakaagiza ugali na nyama. Nikiwa nawapakulia, mmoja wao, kijana mwenye kofia ya pama, akaanza kuwasimulia wenzake habari ya msimamizi wa ghala aliyemuua mkewe. Alimpiga mpaka akafa, akasema, akamkokota mtoni, akamfunga jiwe. Beseni la nguo lilikutwa, na kanga yenye damu. Jirani aliapa mbele ya Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwamba alimsikia mume akimuua, na asubuhi yake alimwona akitoka mtoni na suruali imelowa mpaka magotini. Kesi ilikuwa bado kidogo ipelekwe mahakama kuu, na huko, akasema yule kijana akijishika shingo, mnajua wenyewe. Mwenzake akauliza kama maiti ilipatikana. "Ilipatikana," akajibu bila kusita. "Mimi niliiona kwa macho yangu. Mwanamke mrefu, mweupe, nywele mpaka hapa." Mimi ni mfupi na mweusi, na nywele zangu hazijawahi kushuka mahali popote. Nikaweka sahani yake mezani. Nikamuuliza marehemu alikuwa anaitwa nani. "Tusekile," akasema, akaanza kula. Nilirudi jikoni, nikasikia jina langu likitembea ndani ya kifua. Ilikuwa miezi mitano sijaitwa hivyo, na aliyeniita alikuwa anajua kwamba nimekufa.

Jioni, wateja walipopungua, nikamweleza Mama Sekalinga kila kitu, tangu chumvi mpaka beseni. Alisikiliza akimenya vitunguu. Nilitegemea ataniambia niende mara moja, kwa kuwa alikuwa Mkatoliki wa kweli na kila Jumapili alikuwa wa kwanza kanisani. Akasema hapana. Alisema nikirudi watanipeleka kwa mume wangu, na mume ambaye ameonja selo kwa ajili yangu hatanipiga pua tu. Serikali itanikabidhi kwake kama inavyomkabidhi mtu mzigo wake uliopotea. "Sasa hivi umekufa, Maria," akaniambia. "Mtu aliyekufa hana mume. Wangapi wanapata bahati hiyo?" Na alisema kweli, hilo nalijua hata leo. Alikuwa ameishi na mume wa namna ile miaka mingi kabla Mungu hajamchukua, na akaniambia bila aibu kwamba siku ya maziko alilia machozi ya kupumzika. Nikamuuliza kama yeye angemwacha anyongwe. Akamenya kitunguu kizima ndipo akajibu. "Mimi ningemwacha," akasema. "Lakini wewe umeshafunga kitambaa kichwani, naona."

Nilikuwa nimekifunga kweli. Nataka nieleze sababu, kwa kuwa watu wa kanisani wanapenda kusema nilimsamehe. Sikuwa nimemsamehe wakati ule. Sikumpenda pia. Lakini Ambokile alinipiga, hakuniua, na mimi ni mtu ninayependa jambo liitwe kwa jina lake. Wamfunge kwa alilofanya, sawa. Kumnyonga kwa asilofanya, huku mimi napakua nyama Kitanzini, ingekuwa ni kuniweka mimi kwenye uongo maisha yangu yote. Tena nililitaka jina langu. Maria alikuwa mtu mzuri, lakini alianza mwezi wa sita. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nikapanda basi asubuhi.

Mbeya nilifika nikiwa nimejifunika kanga mpya mpaka machoni, nikaenda moja kwa moja bomani, nikawakuta watu waliokuja kusikiliza kesi ya Ambokile wamejaa mpaka kwenye ngazi. Nikapenya. Nilikuwa nimetunga maneno yangu njia nzima, tangu Sao Hill: nitaingia, nitasimama katikati, nitasema mimi ndiye Tusekile, nimekuja kwa miguu yangu. Nilikuwa na uhakika kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake. Nikavuka kizingiti, nikamwona Ambokile ndani ya kizimba, amekonda, ndevu zimeota ovyo. Nikamwona Bwana Shauri, Mzungu kijana mwenye mafua, leso mkononi. Na kwenye benchi la mbele, amekaa wima na fimbo katikati ya magoti, nikamwona mzee ambaye mgongo wake niliujua, na pale pale akageuka kuangalia nani ameingia.

Sikufikiri. Mwili wangu ulifanya kama ulivyofundishwa. Nilivuta kanga usoni, nikageuka, nikachuchumaa nyuma ya askari aliyesimama mlangoni, nikajikunja kama kuku aliyeona mwewe. Askari akashtuka, akataka kunitoa, mimi nikamshika suruali. Watu wakaanza kucheka. Nilikuwa nimetoka Iringa kuja kuokoa shingo ya mtu, na hatua chache za mwisho sikuweza kuzipiga kwa sababu baba mkwe wangu yumo chumbani. Bwana Shauri akauliza kuna nini. Nikiwa palepale chini nikasema jina langu, lakini nililisema kwa kunong'ona, ikabidi askari aliseme kwa niaba yangu. Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akapiga yowe moja akatoka nje. Hatimaye nikainuka, nikaenda mpaka mbele nikitembea kiupande, nikasimama nimeligeuzia benchi mgongo na uso wangu ukiwa ukutani. Karani akaniamuru nigeuke nimtazame mheshimiwa. Nikamwambia siwezi kugeuka, lakini kusema naweza. Na nikasema yote kwa ukuta ule, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Wakamwita Mama Eliza, aliyekuwa shahidi mkubwa, aje anitambue. Nilifurahi kusikia jina lake. Alikuja akasimama karibu yangu, nikaisikia ile harufu yake ya viazi na moshi, nikamtazama, naye akanitazama. Akasema, "Huyu simjui." Bwana Shauri akamuuliza tena. Akasema Tusekile alikuwa jirani yake, alikuwa kama mtoto wake, na huyu si yeye, huyu ametafutwa na ndugu wa mshtakiwa. Hapo kelele zikaanza. Wengine wakasema ndiye, wengine wakasema siye, Tusekile alikuwa mwembamba. Ambokile alipaza sauti kutoka kizimbani kwamba ni mimi, lakini nani angemsikiliza yeye? Mkuu wa polisi akasema wazi kwamba mtu aliye karibu na kamba anaweza kununuliwa mke. Wakaanza kusemezana juu ya kuniweka ndani mpaka ndugu zangu watafutwe Tukuyu. Nilisimama nimetazama chokaa ya ukuta ule, na kwa mara ya kwanza tangu nipande basi nikaogopa. Nilifikiri, nimefanya kosa gani kunenepa?

Ndipo tukasikia fimbo ikigonga sakafu. Baba mkwe wangu alikuwa amesimama. Watu walionieleza baadaye walisema alikuwa amejifunika koti kichwani tangu niingie, na alisema akiwa ndani ya koti vilevile, ili asinione. Aliongea Kinyakyusa polepole, mkalimani akitafsiri kwa Kiswahili. Alisema yeye hamjui mkwe wake kwa sura, kwa kuwa ni haki yake kutomjua. Halafu akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyo. "Lakini huyu mwanamke alipoingia, alinikimbia mimi. Humu mmejaa wanaume, na hakumkimbia mwingine. Mpaka sasa anaongea na ukuta kwa sababu yangu. Kama amenunuliwa, niambieni alinunuliwa wapi mwenye kuniogopa mimi peke yangu." Akakaa. Mkalimani, aliyekuwa mtu wa kwetu, alimaliza kutafsiri akawa anapangusa macho. Bwana Shauri akapiga chafya, akauliza kama ni kweli kwamba kwa Wanyakyusa mambo yako hivyo. Chumba kizima kikajibu kwa pamoja kwamba ni kweli. Akamgeukia Mama Eliza na kumuuliza mara ya tatu, kwa upole, na safari hii Mama Eliza akakaa chini sakafuni akaanza kulia, akiniita mwanangu.

Aliniambia mwenyewe baada ya hapo, tukiwa nje chini ya ukuta wa boma, kichwa chake kikiwa begani kwangu. Alisikia Ambokile akisema ataniua. Alfajiri alitoka kwenda sokoni bila kunisikia, na aliporudi alilikuta beseni mtoni. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba nimeuawa, na aliona kwamba wasipopata mtu aliyeona, yule mwanaume atatoka aoe mwingine. Kwa hiyo akaongeza habari ya suruali iliyolowa. Aliapa uongo kwa ajili yangu. Na aliponiona hai, furaha na hofu ya jela vilimjia pamoja, hofu ikawahi. Bwana Shauri alimkemea mbele ya watu wote mpaka sauti ikamkauka, lakini hakumfunga, na jioni ile Mama Eliza alilala nyumbani kwake. Kuna walioshangaa kuniona nimemshika mkono mpaka Ilomba. Katika wote wanaohusika na kifo changu, ni yeye peke yake aliyenililia.

Ambokile aliachiwa siku iliyofuata, nikamkuta ananisubiri karibu na soko, amenyoa. Alisimama mbali kidogo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniuliza kama nimemrudia. Nikamwambia, "Nimekurudishia shingo yako. Mimi mwenyewe sijarudi." Nilikuwa tayari kwa mzozo wa wazee, vikao, ng'ombe, na lawama za ukoo mzima, na nilikuwa nimejiandaa kuwajibu wote. Haikufika huko. Mama mkwe alikuja nilipofikia kwa Mama Eliza, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akanipa ujumbe wa mumewe. Mzee alikuwa amesema kwamba mkwe wake amekuja bila kuitwa na amemheshimu mbele ya serikali, kwa hiyo aende atakako, na ng'ombe wa mahari wabaki walipo. Nikamuuliza mama mkwe kama yeye ana la kusema. Akanitazama sana, akasema, "Kunywa maziwa, mwanangu. Safari ni ndefu." Nikarudi Iringa. Nilipoingia jikoni kwa Mama Sekalinga nikamwambia jina langu halisi, akalijaribu mdomoni mara mbili tatu, akasema ni refu mno kwa mtu anayeitwa alete ugali, lakini atazoea.

Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu niondoke Ilomba, baridi imeanza tena kurudi, mchana mmoja nilipomwona Ambokile mlangoni pa hoteli. Mama Sekalinga alishika mwiko kama mtu anayeshika rungu, nikamwambia aache. Nikamwonyesha Ambokile meza ya dirishani. Alisema alikuwa na safari ya kazi, mzigo wa pareto, na njaa imemshika. Nikamletea ugali, mboga na kipande cha nyama, nikakaa upande wa pili wa meza, jambo ambalo katika ndoa yetu sikuwahi kulifanya akiwa anakula. Alikula kidogo. Akauliza kama wakati naondoka nilijua kwamba atakamatwa. Nikamwambia sikujua, na nilipojua nilikuja. Akaitikia kwa kichwa. Akamega tonge, akalishika mkononi bila kulipeleka mdomoni.

"Kule ndani nilikuwa na kazi moja tu, kuwaza," akasema. "Niliwaza ingekuwa wewe ndiye umeshikwa, na mimi niko huku nakula vizuri, watu wananiita jina jipya. Ningekuja?"

Halikuwa swali langu.

"Nataka kusema ningekuja," akaendelea. "Nimejiuliza tangu nitoke. Sijui, Tusekile."

Nilikuwa nimeishi na mtu yule miaka minne, nimesikia kutoka kwake ahadi, vitisho na samahani za asubuhi. Lile ndilo lilikuwa neno lake la kwanza ambalo niliamini lote. Nikaona kwamba hana tena cha kunifanya, si kwa sababu ameogopa, ila kwa sababu sasa tulikuwa watu wawili mezani. Nikainuka, nikamwongezea mboga.

"Kula," nikamwambia. "Chakula kinapoa."

Akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Akanawa, akavaa kofia, akamuaga Mama Sekalinga kwa heshima, kisha akaniaga mimi kwa jina langu, akatoka kuelekea kwenye lori. Sikumsindikiza hata kwa macho. Palikuwa na watu wamesimama mlangoni wanasubiri nafasi, na mimi nilikuwa na meza ya kufuta.